Bomba Lililogusa Usukani

Watu wa gereji walimwita Kadibodi, naye hakulichukia jina hilo hata siku moja, kwa kuwa alilipata kwa jasho. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa ekzosi, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye gari, na katika miaka yote hiyo hakukubali kuchagua bomba kwa kusoma karatasi za gari tu. Alikata kipande cha boksi la sabuni, akakibana kwenye mdomo wa chuma ambapo bomba litafungwa, kisha akagongagonga pembeni kwa nyundo ndogo mpaka kingo za chuma zikakata karatasi zenyewe. Kila tundu la bolti lilitokea mahali pake. Kipande hicho ndicho alichokwenda nacho dukani. Mwenye duka akiapa kwamba bomba ndilo lenyewe, yeye husema, "Usiape. Tuiulize kadibodi."

Ukuta wa banda lake ulijaa vipande hivyo, vimetundikwa kwenye misumari, vyeusi kwa masizi, kila kimoja kimeandikwa kwa penseli aina ya injini na tarehe. Mafundi wengine walivicheka, halafu wakaja kuviazima. Aliwaazima bila kinyongo. Ila kwa kazi mbovu hakuwa na neno laini. Aliwahi kumkimbilia mteja aliyekwisha kutoka getini, akamrudisha, kwa sababu alisikia nati moja inalia.

Nyumbani alikuwa vivyo hivyo. Mke wake alifariki binti yao wa pekee akiwa na miaka tisa, na tangu hapo baba ndiye aliyepika, aliyefua, aliyesaini daftari la shule. Mwanzo wa kila mwaka alimsimamisha mtoto juu ya kadibodi, akazungushia penseli nyayo zake mbili, akaenda kumnunulia viatu akiwa na nyayo hizo kwapani. Binti hakuhitaji kwenda dukani. Kipimo kilitosha. Nyayo zote, tangu ya miaka tisa hadi ya kumi na sita, alizitundika nyuma ya mlango wa chumba chake, na sijui kama kuna picha aliyoithamini kuliko hizo.

Binti akakua, akasoma, akaolewa na mtaalamu wa maabara katika zahanati. Hapo fundi akapata mtihani wake. Mkwe hakuwa mlevi, hakuwa mwongo, wala hakuwa mtu wa kupaza sauti. Kosa lake lilikuwa moja: aliuliza. Aliuliza taratibu, kichwa ameinamisha upande, swali likizaa swali, na fundi alijiona kama tone la damu chini ya kioo. Fyuzi, fundi umeme waliyegawana naye uwanja wa gereji, alilijua hilo na hakuliacha lipoe.

"Kaka," alikuwa akimwambia, "mkwe wako huyo akinunua gari, kwanza atalipima mkojo."

"Mwache. Spana imemshinda, ashike chupa."

Mkwe akanunua gari kweli. Lilikuwa gari la familia, la mitumba, lenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia injini hewa zaidi. Halikumaliza miezi mitatu bomba lake la kwanza, lile linaloshuka kutoka kwenye turbo kwenda chini ya gari, likapasuka karibu na mdomo. Gari likawa linakohoa, na harufu ya moshi ikaingia ndani. Wiki hiyohiyo mkwe akapewa barua ya uhamisho. Jumatatu ya wiki iliyofuata alitakiwa awe ameripoti kituo kipya, mwendo wa siku nzima, barabara ya milima na kona. Wangesafiri kwa gari hilo: yeye, mkewe mwenye mimba ya miezi mitano, na vyombo vya nyumba.

"Baba," binti alimwambia fundi, "tusiende kwa fundi mwingine. Utufanyie wewe."

"Kwani nilisema nitakataa?"

"Hujakataa. Lakini mume wangu akiuliza kitu, umjibu kama unavyowajibu wateja."

"Wateja hawaulizi."

Binti akacheka kidogo, akaacha.

Alhamisi fundi na mkwe walikwenda pamoja kwenye duka la spea. Asubuhi hiyo fundi alikuwa amelivua bomba bovu, akachukua kadibodi mbili, ya mdomo wa turbo na ya mwisho wa chini, kisha akalirudisha bomba kwa muda. Mwenye duka, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitaka jina la gari na mwaka. Mkwe akamtajia. Mwenye duka akazama nyuma, akarudi na bomba lenye kung'aa.

"Hili hapa. Gari hilo, mwaka huo. Funga uende."

Fundi akaiweka kadibodi juu ya mdomo wa bomba. Bomba lilikuwa na matundu matatu. Kadibodi ilikuwa na matano.

"Karatasi zinasema hivyo," mwenye duka akalalamika.

"Karatasi zinasema lao, chuma kinasema lake. Gari hili limebadilishwa injini. Injini na turbo vimetoka kwenye gari la miaka ya mbele."

Mkwe akashtuka. Hakuwa anajua kwamba gari lake linatembea kwa moyo wa gari lingine. Ningekuwa mwongo nikisema fundi hakufurahi. Ushindi ule ulimkaa shingoni. Na mtu akishashinda mara moja mbele ya watu, aghalabu huanza kudhani kwamba amekwisha kushinda na mara ya pili.

Mwenye duka akaleta mabomba mawili yenye matundu matano. La kwanza lilikuwa pana kama mguu wa ng'ombe.

"Hili halina kichujio cha moshi ndani," akasema kwa sauti ya siri. "Turbo inapumua hadi inasahau. Gari likipita, mtaa mzima unageuka."

"Unageuka kuona nini?"

"Nguvu, mzee!"

"Unaona moshi. Na anayetembea kwa miguu nyuma ya hilo gari, na anayeuza nguo zake barabarani, wao wamekukosea nini? Rudisha."

Hapa namuunga mkono fundi kwa mikono miwili. Mtu anayetoa kichujio ili gari lake lingurume anawapa wengine uchafu wake wauvute, halafu anajiita mwenye nguvu.

La pili lilikuwa na kichujio chake, lilikuwa na tundu la kufungia ile sensa inayoonja moshi na kuipa injini taarifa, na upana wake ulikuwa wa wastani. Fundi akaweka kadibodi. Matundu yakaangukiana yote matano, kama vidole vya mkono mmoja. Akaweka kadibodi ya mwisho wa chini. Nayo ikakubali.

Mkwe alikuwa ameliinua boksi, analisoma pande zote nne, hata chini.

"Baba, samahani," akasema. "Bomba hili limetengenezewa magari ya usukani wa upande gani?"

Mwenye duka akatazama dari. Fundi akavuta pumzi.

"Mkwe, bomba linafungwa kwenye turbo. Halifungwi kwenye usukani."

Mwenye duka akacheka mpaka miwani ikamshuka. Mkwe akatabasamu tabasamu la mtu aliyefunikwa mdomo, akaliweka boksi chini. Hakuuliza tena. Wakalinunua.

Jumamosi asubuhi gari lilikuwa juu ya shimo la gereji. Mkwe na mkewe walilileta, wakaondoka kwenda kufunga mizigo. Fundi akashuka shimoni. Kazi ikaenda kama wimbo. Gasketi ya kuziba ungio ikakaa, bolti tano zikaingia kwa vidole kabla ya spana, sensa ikafungwa, mwisho wa chini ukakutana na bomba la nyuma bila kuvutwa. Akapanda, akawasha injini. Haikukohoa. Akaweka kiganja kwenye kila ungio; hakuna moshi ulioponyoka.

"Umemaliza, kaka," Fyuzi akasema kutoka kwenye benchi lake. "Daktari wa mkojo atakushukuru."

Fundi akakaa kwenye kiti cha dereva ili alirudishe gari nyuma. Akakata usukani kulia. Chini kukatoka sauti: *kra*.

Akarudisha usukani katikati. Kimya. Akakata tena. *Kra*.

Alishuka shimoni. Kutoka kwenye usukani hushuka mtaimbo wa chuma mpaka kwenye miguu ya mbele ya gari, na katikati yake kuna kiungo chenye masikio mawili yanayozunguka kila dereva anapokata kona. Usukani ukiwa umenyooka, masikio yale yalitazama juu na chini, na kati yake na bomba jipya palibaki nafasi. Fundi alikuwa ameliona hilo akapita. Lakini usukani ukigeuzwa, sikio lilikuja pembeni na kulikwaruza bomba. Alichana ukanda wa kadibodi, akauingiza kati ya bomba na kiungo. Ukapita. Akamwomba Fyuzi ageuze usukani. Ukanda ukachanika vipande viwili mkononi mwake.

Bomba lilikuwa zuri na turbo ilikubaliana nalo. Ila lilikuwa limetengenezewa nchi ambako dereva hukaa kushoto, na huko upande huu wa injini ni mtupu. Magari yetu usukani uko kulia. Njia ambayo bomba lile liliichagua kushuka ilikuwa tayari na mwenyewe.

Kadibodi ilimwambia kweli yote kuhusu mdomo. Kuhusu njia haikusema chochote, kwa sababu hakuwahi kuiuliza. Na mtu pekee aliyeuliza alichekwa dukani.

Fyuzi akachungulia shimoni. "Ni kitu kidogo hicho."

"Kidogo vipi?"

"Lipashe moto hapo, piga nyundo mbili, libonyee tumbo. Sikio litapita. Nani ataingia huku chini kutazama? Yeye?" Akaonyesha kwa kidevu upande wa njia. "Atachafua shati."

Fundi akachukua nyundo. Nasema alivyofanya, siyo alivyopaswa kufanya: aliichukua, akaipima mkononi, akapima kwa jicho mahali pa kupiga. Alijua pengo litakalopatikana ni la unene wa msumari. Alijua pia kwamba chuma cha ekzosi kikipata moto hutanuka, na kwamba injini huyumba kwenye mipira inayoishikilia gari linapopanda mlima. Kwenye uwanja tambarare usukani ungegeuka vizuri. Kwenye kona ya nne au ya arobaini, mlimani, ungeweza kushika. Na kwenye kiti cha kushoto angekuwa amekaa binti yake, mkono juu ya tumbo.

Kulijua hilo si kazi. Kila fundi anayeficha kazi mbovu anajua. Kinachomfanya apige nyundo si ujinga, ni uso wa mtu fulani atakayelazimika kumtazama. Ajali nyingi zinazoitwa bahati mbaya zilianza hivyo, kwa mtu mzima aliyeona haya kusema maneno mawili. Fundi huyu alikuwa amesimama mahali hapo hasa, na uso aliouogopa ulikuwa wa kijana mpole wa maabara.

Akairudisha nyundo kwenye boksi.

"Usiliondoe gari," akamwambia Fyuzi. "Liache hapohapo."

Walipofika, binti alikuwa na chupa ya chai mkononi na mkwe amevaa shati jeupe la kuagana na watu.

"Limekaa, Baba?" binti akauliza.

"Mkwe, ingia shimoni."

Fyuzi akakohoa. Mkwe alitazama ngazi yenye grisi, akakunja mikono ya shati, akashuka. Fundi akampa tochi na ukanda mpya wa kadibodi, akamwonyesha pa kuuweka, kisha akapanda kugeuza usukani mwenyewe. Kutoka chini ikasikika sauti ya karatasi kuchanika.

"Umeona?" fundi akauliza.

"Nimeona, Baba."

"Uliniuliza usukani uko upande gani. Nikakujibu kwa jeuri mbele ya watu. Sasa nakujibu vizuri: bomba hili ni la usukani wa kushoto. Nimekosea mimi. Hamwezi kusafiri nalo."

Mkwe akapanda, bega zima limeingia oili. Hakucheka wala hakusema "nilijua". Akauliza, na safari hii fundi alisubiri swali kwa utulivu.

"Haliwezi kubonyezwa kidogo?"

"Linaweza. Fyuzi alinishauri, na nyundo niliishika. Ukilibonyeza utampa dereva usukani unaoomba ruhusa kwenye kila kona. Sitaki."

"Ni kweli nilimshauri," Fyuzi akasema, anajikuna shingo. "Shauri lenyewe lilikuwa la njaa. Sijanywa chai."

Binti alikuwa anatazama ukuta wa banda, zile kadibodi mia na kitu. Mwishowe akasema, si kwa ukali:

"Baba, unakumbuka viatu vyangu vya shule?"

"Viatu gani?"

"Vyote. Vilikuwa vinanibana juu."

"Juu wapi? Nilipima."

"Ulipima wayo. Mguu wangu una mgongo mrefu hapa juu, kama wa Mama. Kila mwaka vilinibana hapa mpaka vilegee vyenyewe, mwezi wa tatu, wa nne."

Fundi akamtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake ina chumba ambacho hajawahi kuingia.

"Miaka minane? Na hukuniambia?"

"Ulikuwa unarudi umefurahi sana, Baba. Unasema kipimo hakikosei. Ningesema nini?"

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Baba huyu hakumpiga mtoto wala kumnyima. Alimpenda kwa kalamu na karatasi. Lakini alikuwa na uhakika mkubwa mno, na uhakika wa namna hiyo huwafunga midomo wale wanaotupenda kabla ya kuwafunga wengine. Mtoto akavumilia viatu. Mkwe akaweka boksi chini. Tofauti ya viatu na bomba ni kwamba viatu hulegea.

Fundi akakaa kwenye tairi kuukuu. Binti akammiminia chai, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili.

"Basi tufanye kazi," akasema baada ya kukimaliza. "Mkwe, unaweza kukaa chini huku nusu saa?"

"Shati limekwisha kufa, Baba. Naweza kukaa siku nzima."

Wakalivua bomba. Fundi akachukua waya mnene wa chuma, akaufunga kwenye mdomo wa turbo na kuukunja pole kwa pole kufuata njia iliyo wazi mpaka mwisho wa chini, huku mkwe ameshika tochi na kutaja kila kilicho karibu. Mkwe akazungushia utepe mwekundu mahali waya ulipopita jirani na masikio ya usukani, akataka usukani ugeuzwe mara sita, mara nne zaidi ya fundi alivyoona inatosha. Fundi akageuza mara sita.

Saa nane mchana walikuwa dukani na kadibodi mbili na waya mmoja uliopindapinda kama nyoka aliyekanyagwa. Mwenye duka alipolisikia jambo lenyewe aliacha kucheka. Alilipokea bomba, akapekua daftari la waagizaji na kusema lipo la usukani wa kulia, la injini hiyohiyo, lakini litafika baada ya siku tisa.

"Siku tisa," mkwe akasema. "Jumatatu naripoti."

"Mtakwenda kwa basi," fundi akasema. "Gari nitalileta mimi."

Hakuna aliyefurahia safari ile. Jumapili alfajiri binti alipanda basi na begi moja, vyombo vimebaki kwa baba, na mumewe akawa anaomba radhi kwa kila mtu kana kwamba ndiye aliyelikosea gari. Fundi alisimama kituoni mpaka basi likapinda.

Bomba lilifika siku ya kumi na moja. Kabla ya fundi kulipa salio, mwenye duka alilazimika kushika ncha moja ya waya wakati fundi ameshika nyingine, wakaulaza juu ya bomba, na utepe mwekundu ukaangukia mahali ambapo bomba lenyewe lilijivuta kando, kana kwamba linampisha mtu mlangoni. Akalifunga siku hiyohiyo. Aligeuza usukani mara sita, kisha akaupanda kwa gari mlima ulio nyuma ya gereji mpaka chuma kikawa moto kabisa, akarudi, akageuza tena mara sita.

Kesho yake alipakia vyombo, sufuria zikafungwa kwa shuka, na zile nyayo za kadibodi akazitundua nyuma ya mlango, akazipakia nazo. Aliondoka alfajiri peke yake. Alipanda milima yote, akahesabu kona mpaka alipochoka kuhesabu.

Alifika jua likiwa bado juu. Nyumba mpya ilikuwa na vyumba viwili na baraza ya saruji. Binti akatoka mbio jinsi tumbo lilivyomruhusu, akamkumbatia, akachukua begi. Mkwe akamwamkia, akamshika mkono, kisha akasimama akilitazama gari. Alitaka kitu na aliona aibu kukisema.

"Sema," fundi akamwambia.

"Baba, umechoka. Lakini kabla hujaingia ndani, naweza kutazama chini?"

Binti akamtupia mumewe jicho. Mzee kasafiri siku nzima, hajanywa hata maji.

Fundi akafungua mlango wa gari, akarudi kwenye kiti cha dereva. Mkwe akalala chali kwenye changarawe kwa shati lake la kazi, tochi mkononi.

"Kulia, Baba."

Akakata kulia.

"Kushoto."

Akakata kushoto.

"Tena, tafadhali."

"Mara ngapi?"

"Sita," sauti ikatoka chini ya gari.

Akageuza mara sita.